Uzi: Chuo kinapanuka kuja upande wetu, majirani tudai nini kabla mambo hayajaiva?

Jirani wa Ukuta

Wakuu kwema? Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, nimekaa na hili jambo moyoni karibu mwezi sasa.

Naishi nyuma ya chuo kikuu, jina naliacha, na nikisema nyuma namaanisha nyuma kabisa, ukuta wa chuo na ukuta wa jiko langu vinapishana kwa upana wa mtu mmoja mwembamba. Nilipohamia palikuwa na nyasi na njia ya miguu, leo kuna bweni la ghorofa sita na jua la asubuhi nalipata saa nne. Hilo nilishameza. Kilichonileta ni karatasi tuliyoletewa kwamba chuo "kinapitia upya mpango kabambe wake wa miaka 20" na majirani tunakaribishwa kutoa maoni. Ramani waliyoambatanisha ina kijani fulani hafifu kinachoanzia ukutani na kuishia, kama macho hayanidanganyi, kwenye choo cha jirani yangu wa tatu. Pameandikwa "eneo la fursa". Fursa ya nani hawajasema.

Mtaa umeshagawanyika, wenye nyumba za kupangisha wanachekelea, wazee wanasema watatolewa wakiwa kwenye jeneza, wapangaji wa kawaida hakuna hata aliyewauliza. Alafu nisije nikaeleweka vibaya, sichukii chuo, binti yangu kasoma humo humo. Ninachotaka kujua ni kwamba wenzetu kwingine yalipowakuta haya walidai nini, wakapata nini, na walichemsha wapi.

---

Baba Historia

Mkuu umechelewa sana, huu ugomvi una umri wa karne saba. Oxford, tarehe 10 Februari 1355, wanafunzi wawili walilalamikia kinywaji kilabuni, wakamrushia mwenye kilabu, ikawa vita ya siku mbili tatu kati ya mji na chuo, wanachuo waliouawa wanatajwa kuwa 63. Mfalme akasimama na chuo. Viongozi wa mji wakapewa adhabu ya kwenda kanisani kila mwaka siku hiyo hiyo kulipa senti 63, na waliendelea kulipa mpaka 1825.

Kwahiyo ukianzisha timbwili jua bili wanaletewa vitukuu 😂

---

NyumbaTatu

Mimi ni miongoni mwa hao wanaochekelea na sioni aibu. Nyumba niliyokuwa napangisha familia moja sasa nimeigawa vyumba, kila chumba wanafunzi wawili, wanalipa semista nzima kabla hawajaweka begi chini. Familia ilikuwa inanizungusha kila mwisho wa mwezi mara mtoto anaumwa mara mshahara umechelewa. Nani hapa angechagua kuzungushwa?

Mtaa bila chuo huo ungekuwa umelala. Acheni unafiki, mnataka thamani ya kiwanja ipande lakini kelele zibaki kwa wengine.

---

Jirani wa Ukuta

NyumbaTatu sikukatalii ila nikuulize, hio familia iliyotoka ilikwenda wapi? Kwetu hapa nyumba kumi zimegeuka vyumba, kila familia ikihama inabaki mtoto mmoja pungufu shuleni, ikifika likizo ya chuo mtaa unakuwa kama msiba umeisha na watu wametawanyika. Mwezi mzima giza. Kibaka anajua ratiba ya mitihani kuliko wahadhiri.

---

NyumbaTatu

Hio ya kibaka nakubali, mlango wangu umevunjwa likizo mbili mfululizo.

---

Mzee wa Ramani

Mwanangu Jirani wa Ukuta, nimefanya mipango miji miaka mingi mpaka nikastaafu, nimekaa upande wa meza ya wale wanaoleta hizo karatasi. Nikwambie kitu kimoja kwanza. Chuo sio jirani kama majirani wengine. Jirani wa kawaida anazeeka, anauza, anahama, anakufa, watoto wanagombea urithi. Chuo hakifi. Hakina haraka. Kinaweza kusubiri mzee mmoja mmoja, kila msiba kinanunua kiwanja kimoja, na baada ya miaka thelathini ukitazama ramani unakuta mtaa umeshaliwa na hakuna siku uliyoweza kusema hii ndio siku tulionewa.

Mfano mkubwa kabisa ni Harvard. Upande wa pili wa mto kuna mtaa wa Boston unaitwa Allston. Kati ya 1989 na 1994 chuo kilinunua huko ekari 52 kimya kimya, kwa kupitia kampuni ya majengo iliyokuwa inanunua bila kusema inamnunulia nani. Watu wakauza kwa bei ya kumuuzia mtu asiyejulikana. Ilipokuja kutangazwa 1997 hata meya alikasirika, maana na yeye alikuwa hajui.

Kilichouma zaidi kilikuja baadae. Wakaanza kuchimba msingi wa jengo kubwa la sayansi, ikaja ile mitikisiko ya uchumi, mwisho wa 2009 wakatangaza ujenzi unasimama. Majirani wakabaki na msingi uliofunikwa kwa miaka. Jengo limekuja kufunguliwa 2021. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa siku waliyosimamisha, anafika darasa la tano na dirishani kwake bado kuna fensi.

Kwahiyo swali la kwanza kwa hao mabwana usiulize watajenga nini. Waulize wameshanunua nini, wao wenyewe au kwa jina la mtu mwengine.

---

Dada Semista

Shkamoo Mzee. Naomba na mimi niseme maana humu naona tunajadiliwa kama mafuriko 😅

Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa tatu. Chuo kinaongeza udahili kila mwaka, mabweni hayaongezeki, matokeo yake tunakuja mtaani kwenu kubanana kwa akina NyumbaTatu. Chuo kikitaka kujenga mabweni mnapinga, tukija kupanga kwenu mnalalamika tunapiga kelele na kupandisha kodi. Sasa tulale wapi, kwenye mti?

Na hili limeshatokea kweli. Berkeley, Marekani, kikundi cha wakazi kiliishtaki chuo kwamba kimeongeza wanafunzi bila kupima athari kwa mazingira ya mji. Wakashinda, mahakama ikaamuru idadi ya wanafunzi irudi ilivyokuwa 2020, na Machi 2022 mahakama kuu ya jimbo ikakataa kuisimamisha hio amri. Maelfu ya vijana walikuwa karibu wakose nafasi waliyostahili kwasababu ya kelele na pakingi! Unajua kilichofuata? Bunge la jimbo likabadilisha sheria ndani ya siku chache, kura zote upande mmoja, gavana akasaini siku hio hio. Majirani walishinda mahakamani wakapoteza kila kitu, na huruma ya watu wakapoteza pia.

---

Pingamizi Limekataliwa

Dada umeelezea vizuri ila umeruka mwanzo wa hadithi, Berkeley hawakuamka tu wakaanza kuchukia wanafunzi.

1967 chuo kilitwaa kipande cha nyumba za watu kwa nguvu ya sheria, 1968 wakazibomoa. Alafu hela zikaisha! Pakabaki tope na magari yanaegeshwa. Aprili 1969 wakazi na wanafunzi, sikiliza, WOTE PAMOJA, wakapanda majani na maua wakapaita Bustani ya Watu. Mei 15 asubuhi chuo kikaweka fensi, wakaja polisi na bunduki, kijana mmoja James Rector alikuwa juu ya paa akapigwa risasi na akafa siku chache baadae, mwengine akapofuka. Kwa kiwanja ambacho chuo kilikuwa hakina hata hela ya kukijenga.

Sasa miaka hamsini na zaidi baadae chuo kinakuja kusema safari hii tunajenga mabweni ya wanafunzi 1,100 na nyumba za watu waliokuwa hawana makazi. Wazo zuri. Nani atawaamini? Januari 2024 wakaja usiku wa manane na mapolisi wakazungushia makontena ya mizigo yamepangwa mawili mawili kwenda juu. Kabla ya hapo mahakama ya rufaa ilishasema kelele za wanafunzi nazo zipimwe kama athari kwa mazingira (hata mimi nilicheka), bunge likabadilisha sheria tena, na Juni 2024 mahakama kuu ikakipa chuo ruhusa.

Yaani kama wangejenga 1968 pengine leo yasingekuwepo makontena. Ukivunja nyumba ya mtu ukaacha tope, usije kushangaa mjukuu wake anapinga hata bweni zuri.

---

Dada Semista

Ok hapo umenifunga mdomo kidogo. Sikujua ya zile nyumba.

---

Hesabu Kali

Naona mnazungumzia kelele na jua wakati mchawi ni kodi.

Kwenye nchi nyingi ardhi inayotumika kufundishia hailipi kodi ya majengo. Nyumba ya mzee ilikuwa inalipa, chuo kikiinunua na kuweka maabara hailipi tena, ila barabara, taa, zimamoto na mifereji ni ile ile, kwahiyo mzigo unasogea kwa nyumba zilizobaki. Kila chuo kinavyonenepa wanaolipa wanapungua. Mji wa New Haven, Marekani, na chuo chake cha Yale wamevutana juu ya hili miaka nenda rudi, mji una shida ya hela na katikati yake kakaa tajiri mkubwa asiyetozwa kwa majengo yake ya masomo. Mwishoni mwa 2021 wakaafikiana Yale iongeze mchango wake wa hiari, jumla inafika kama dola milioni 135 kwa miaka sita. Nzuri, lakini tazama neno "hiari". Kodi unadaiwa, mchango unabembelezwa, na baada ya miaka sita mnarudi kubembeleza upya.

Uingereza iko hivo hivo kwa mlango wa nyuma, nyumba wanayokaa wanafunzi watupu imesamehewa kodi ya halmashauri. Mtaa ukigeuka wote kuwa wa wanafunzi taka zinaongezeka na makusanyo yanashuka.

NyumbaTatu kabla hujachekelea piga hesabu hio.

---

NyumbaTatu

Mimi kodi yangu nalipa na risiti ninazo.

---

Hesabu Kali

Ndo nakwambia, utalipa na ya wenzio.

---

Kitasa

Mi naomba kujua kitu kimoja, hivi wanaweza kukutoa kwa lazima? Mama yangu nyumba yake iko jirani na chuo hivi hivi, usiku hapati usingizi.

---

Pingamizi Limekataliwa

Kitasa inategemea sheria ya mlipo, ila usijifariji kwamba kwasababu chuo ni cha binafsi basi serikali haiwezi kukitwalia ardhi. Columbia ni chuo binafsi. Walitaka ekari 17 huko Manhattanville, Harlem, jijini New York, baraza la jiji likapitisha Desemba 2007. Wengi wakauza. Wakabaki wachache, mmoja ana maghala ya kuhifadhia mizigo ya watu, wengine vituo vya mafuta, wakagoma. Serikali ya jimbo ikasema eneo limechakaa kwahiyo lichukuliwe kwa manufaa ya umma.

Na hapa ndo nilikasirika nikisoma ile kesi. Kampuni iliyoandika ripoti kwamba mtaa umechakaa ilikuwa hio hio inayofanya kazi na Columbia, baadae wakaongeza ya pili. Na wale wafanyabiashara wakasema, mheshimiwa, wakati huo sehemu kubwa ya mtaa ni mali ya chuo chenyewe, kama majengo yanavuja na ni matupu anayeyaacha yavuje ni nani? Desemba 2009 mahakama ya rufaa ikawapa haki, kura tatu kwa mbili. Juni 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikageuza. Wakatoka.

Mama yako apige picha nyumba yake leo, ndani na nje, na tarehe ionekane. Bati zima, rangi nzima. Neno "limechakaa" huwa linakuja kabla ya greda.

---

Kitasa

Asante mkuu, kesho naenda na simu yenye kamera nzuri.

---

Mzee wa Ramani

Pingamizi kasema kweli. Na Columbia wale wale 1968 walitaka kujenga jumba la michezo ndani ya bustani ya umma, Morningside Park, palipo na mteremko. Wanafunzi mlango wa juu, watu wa Harlem mlango wa chini, na sehemu ya wenyeji ilikuwa ndogo tu. Wanafunzi wenyewe wakateka majengo ya chuo Aprili ile na jumba halikujengwa tena. Dada Semista hio ni ya kwako, majirani hawakushinda peke yao, walishinda na watoto wa ndani ya ukuta.

Safari ya pili, hii ya ekari 17, wenyeji walipata mkataba wa manufaa wa dola milioni 150, 2009. Za nyumba, za shule, za mambo mengi, kwa awamu. Sidharau. Lakini hela mkataba wake una mwisho na jengo halina.

Sasa nikupe ninaoupenda mimi. Chicago, upande wa kusini. Miaka ya 1950 chuo kikuu pale kilishiriki kubomoa na kupanga upya mtaa wa Hyde Park, kikageukia Woodlawn. Wakazi wa Woodlawn, weusi wengi wao maskini, wakajiunga, wakaunda chama chao na kubishana miaka kadhaa. Hawakuomba kikombe wala ufadhili wa mtoto mmoja wa mwenyekiti. Waliomba mstari. Chuo kikakubali katika miaka ya 1960 kwamba kusini hakitavuka barabara ya 61. Basi. Kimejenga mpaka ukingoni pale, majengo marefu yamesimama kama ng'ombe kwenye uzio, lakini miaka na miaka watu wakibishana na kile chuo wanasema "sitini na moja" na kila mtu anajua unazungumzia nini.

Kodi za pango zilipanda Woodlawn? Zimepanda, mstari hauzuii bei. Lakini unamwambia mzee, nyumba yako iko upande gani. Analala.

---

Mama Ghorofani

Mzee mbona kwetu chuo kilitujengea shule ya msingi nzuri na watu walifurahi, mnaongea kama kila wanachofanya ni uchawi jamani

---

Mzee wa Ramani

Mama sio uchawi, ila na zawadi ina mkia. Chuo cha Penn huko Philadelphia walikuwa na historia mbaya, miaka ya 1960 mtaa wa watu weusi ulioitwa Black Bottom ulibomolewa kupisha taasisi za sayansi. Baadae wakataka kurekebisha, wakasaidia kuanzisha shule ya umma, ikafunguliwa 2001. Shule nzuri kweli. Sasa ili mtoto apate nafasi lazima mkae ndani ya mipaka ya shule, wenye hela wakakimbilia kununua humo, nyumba zikapanda bei kuliko za nje ya mpaka. Shule ikabaki, waliokusudiwa wengi wakasogezwa.

Sisemi msipokee shule. Pokeeni, lakini siku hio hio ulizeni kodi za wapangaji zitalindwaje.

---

Dada Semista

Jirani wa Ukuta, kikao chenu ni lini? Sisi serikali ya wanafunzi hatujapewa hata hio karatasi. Nikipata nakala nitaipeleka, maana kama wanaongeza udahili bila kuongeza vitanda hasara ni yetu na yenu.

---

Jirani wa Ukuta

Alhamisi saa tisa. Njoo na wenzio, nitawawekea viti.

---

Jirani wa Ukuta

Wakuu nimerudi kikaoni, mrejesho kama nilivyoahidi.

Walikuja watano na projekta. Picha za miti na watoto wanacheka, miti ambayo ingehitaji miaka arobaini kufika urefu ule. Nikauliza swali la Mzee, mmenunua viwanja gani mpaka leo kwa majina yenu au ya wengine. Kimya. Wakatazamana, mmoja akasema hio taarifa ni ya kitengo kingine. Bibi mmoja wa nyumba ya kona, hajawahi kusema neno kikaoni tangu nimfahamu, akasema basi mpigieni simu huyo wa kitengo kingine, sisi tupo. Wakapiga! Viwanja vinne. Kimoja ni kile ambacho tulikuwa tunaambiwa mwenyewe yuko safari.

Dada Semista na wenzake sita walikaa mstari wa mbele, wakauliza vitanda vingapi kwa wanafunzi wangapi, jibu lilikuwa vitanda vipya 800 na udahili mpya elfu mbili. Hapo hata NyumbaTatu (nimekutambua mkuu kwa lile koti) alinyanyua mkono akauliza elfu moja na mia mbili watakaa wapi. Yeye nadhani alikuwa anauliza kwa furaha, ila swali lilifaa.

Mwishoni nikaenda kwenye ramani ya ukutani nikawaomba wachore mwisho wa kijani ni wapi. Msanifu wao akachora, lakini akachora kwa nukta nukta. Nikamwambia kaka, unganisha. Akasema nukta maana yake ni ya muda. Nikamwambia ndo maana naomba uunganishe. Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka, akaweka kalamu mfukoni. Wameomba wiki mbili.

---

Mzee wa Ramani

Hio ramani yenye nukta mmeipiga picha?

---

Jirani wa Ukuta

Kitasa kaipiga, na tarehe inaonekana.

---

NyumbaTatu

Lile koti nimeshampa mtu. Ila wiki mbili nipo.